Majira Manne ya Nyumba Yenye Watoto Wadogo

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano wa Mwaka, Kiganjo)



Halmashauri ilitutaka sisi tuliokabidhiwa mambo ya nyumba na watoto tuseme maneno machache, kisha maneno hayo yapigwe chapa katika kitabu cha taarifa ya mwaka, ili wale wasioweza kufika wayasome huko waliko. Twashukuru kwa heshima hiyo. Mweka hazina amekwisha kuwaeleza habari za fedha, na habari za karo na za mazishi mmezisikia. Sisi hatukuja kuomba shilingi. Jambo tulilo nalo ni dogo kwa kulitazama: ni zile kazi ndogo ndogo ambazo baba, mama na mtoto wa miaka mitatu, minne au sita waweza kuzifanya pamoja nyumbani, kila kazi kwa majira yake. Twalileta mbele yenu kwa sababu tumeona ya kuwa linapungua katika nyumba zetu, na likikoma kabisa halitarudishwa kwa azimio la mkutano.

Katika mwaka huu tulizitembelea nyumba za wanachama, za huku karibu na kituo cha reli, za upande wa Chuo cha Polisi, na nyingine zilizo mbali kuelekea msituni. Tulikaribishwa vizuri, na chai tulikunywa kupita kiasi. Mara nyingi tulimkuta mtoto mdogo ameketi peke yake na simu ya mamaye mkononi, na nje ya mlango mtu mzima akifanya kazi ambayo mtoto yule angefurahi kuifanya pamoja naye. Tulipouliza kwa nini hakuitwa, tulijibiwa, "Atanichelewesha." Neno hilo ni kweli, wala hatulibishi. Mtoto wa miaka minne akisaidia kuchambua maharagwe, kazi ya nusu saa huwa kazi ya saa moja na nusu, na maharagwe mengine huokotwa chini ya kitanda kesho yake. Lakini yatupasa tujiulize ile saa moja iliyookolewa ilitumiwa kwa nini, na mtoto aliitumia kwa nini.

Wazee wetu waliugawa mwaka kwa mvua mbili na mavuno mawili. Jomo Kenyatta aliyataja hayo katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotolewa mwaka 1938: mvua ya njahi na mavuno yake, kisha mvua ya mwere, yaani mawele, na mavuno yake. Kati ya mvua hizo mna baridi ya gathano upande mmoja, na jua la themithu upande wa pili. Mvua siku hizi haitimizi ahadi kama zamani, na theluji ya Kirinyaga imepungua hata wazee hushangaa wakiutazama mlima asubuhi. Walakini mpango wa majira ungali ule ule, na mtoto mdogo huusoma mpango huo kwa mikono yake kabla ya kuujua kwa majina ya miezi.

Kwa themithu, yaani Januari na Februari, hatuna mengi ya kusema. Ndugu wakubwa wamerudi shule, ardhi ni kavu, na mama anatayarisha shamba. Mtoto aweza kukusanya vijiti vya kuwashia moto, aweza kubeba maji katika kibuyu kidogo kinachomtosha, na asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika mlima, aweza kuonyeshwa vilele vyake na kufundishwa jina lake. Kazi hii ya mwisho huchukua dakika tano. Tulikutana na watoto wa miaka saba, waliozaliwa hapa hapa, wasioweza kuutaja mlima unaowatazama kila siku.

Mvua ya njahi inapoanza, kati ya mwezi wa Machi au mwisho wake, ndipo inapofika kazi iliyo bora kuliko zote kwa mtoto mdogo, nayo ni kumpa shamba lake. Hatusemi ekari, wala robo ya ekari. Twasema kipande kisichozidi mkeka wa kulalia. Mfano tunao, tena wa karibu. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, upande wa Tetu, katika Nyeri hii yetu. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mlowezi huko Nakuru, na mwaka 1947 mama alirudi Ihithe na watoto. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 2006, alieleza jinsi mama yake alivyomkatia kipande kidogo katikati ya shamba lake, akamwambia apande na kukitunza mwenyewe. Mtoto yule hakuweza kungoja. Alikuwa akizifukua mbegu ili aone kama zimeota, na mama akamwonya aziache, zitatoka zenyewe. Alieleza pia jinsi alivyokuwa akienda kijitoni kuchota maji, akayaona mayai ya vyura, akayadhani ni shanga, akajaribu kuyainua ayavae shingoni. Huyo ndiye aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Hatuwaambii ya kuwa kila mtoto akikatiwa kipande atapata tuzo. Twasema tu ya kuwa mama yule alikuwa na shamba, na jembe, na muda wa kumtazama mtoto akikosea, na hivyo vitatu, viwili vya kwanza wengi wetu tunavyo.

Kwa wale watakaolijaribu jambo hili, twashauri maharagwe yatangulie. Mahindi humchosha mtoto kwa kungojewa, lakini maharagwe huchomoza kwa muda wa juma moja hivi, au zaidi kidogo baridi ikiwa kali, na kuchomoza kwake huonekana vizuri, kwa maana mbegu hupanda juu pamoja na shina kama kwamba inachungulia. Viazi navyo vina furaha yake siku ya kuchimbua, maana mtoto hajui ni vingapi vilivyofichwa. Kuku wazuiwe kwa vijiti. Na jambo kubwa ni hili: mtu mzima asiende usiku kupanda upya pale mtoto alipoharibu. Kikiwa kitupu, kiwe kitupu. Na mavuno yakija, hata kama ni kikombe kimoja, yasitiwe katika gunia la nyumba yakapotea. Yapikwe katika sufuria yake, na babu apewe wa kwanza aonje. Tumeona mtoto mmoja akiwagawia watu saba maharagwe ya kikombe kimoja, kila mtu kijiko chake, na hakuna aliyethubutu kusema hana njaa.

Hapa twaomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo, kwa kuwa tumetaja chakula. Nchi yetu hii ni nchi ya ng'ombe, na kiwanda cha maziwa cha KCC kimo papa hapa Kiganjo. Wengi wetu hukamua alfajiri na kupeleka maziwa barabarani kabla jua halijachomoza. Sasa, katika nyumba kadha wa kadha tuliona maziwa yote yamekwenda, na mtoto wa nyumba yenye ng'ombe wawili anakunywa chai isiyo na maziwa. Mnakumbuka mwaka 1979 serikali ilipoanza kuwagawia watoto wa shule maziwa ya Nyayo. Mpango ule uliisha zamani, na mtoto aliye chini ya umri wa shule haukumfikia hata wakati ule. Twajua deni la dukani, na twajua karo. Hata hivyo twaomba kikombe cha mtoto kimiminwe kwanza, ndipo mtungi ufungwe. Tena, mtoto mwenyewe aitwe zizini asubuhi awashike ndama kamba na kuwapelekea majani. Mtoto anayemjua ng'ombe kwa jina huuliza maziwa yamekwenda wapi, na swali hilo ni zuri kuulizwa katika nyumba.

Sasa twafika gathano, na hapa tutakaa.

Kuanzia Juni hata Agosti, ninyi nyote mwajua hali ya Kiganjo. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, mawingu hushuka hata kwenye mapaa, na zaweza kupita siku nyingi bila kuliona jua. Mama hamtoi mtoto nje, na ni haki yake. Hapo ndipo simu na televisheni huchukua kazi ya ulezi. Lakini wazee wetu waliyafanya majira haya kuwa shule ya nyumba, kwa sababu mavuno ya njahi yalikuwa yameingia na kazi ilikuwa ya kuketi. Maharagwe hupurwa, hupepetwa kwa ungo, huchambuliwa; zilizo nzuri huwekwa kuwa mbegu. Mtoto wa miaka mitano akipewa rundo lake, atajifunza kuhesabu kwa makumi bila kujua ya kuwa anafundishwa, na atajua tofauti ya mbegu nzima na iliyotobolewa na mdudu. Mahindi ya kuchoma yapo, na viazi vya kufukiwa katika majivu ya moto. Jioni huja vitendawili, na hadithi za irimu anayekula watu. Nyanya, ambaye watoto wetu humwita cucu, akiwa anasuka kiondo, mtoto aweza kumshikia uzi. Zaidi ya hayo, haya yote hufanywa kwa lugha ya nyumbani. Tumesikitika kuwakuta wajukuu na cucu wao wakitazamana kama wageni, kila mmoja hana maneno ya mwenziwe.

Walakini gathano ina hatari yake, na jambo hili twawaomba mlisikilize kuliko yote tuliyosema. Katika miezi ya baridi watu huingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala, hufunga mlango na madirisha, na kuziba nyufa kwa matambara ili watoto wapate joto. Makaa yakiungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Moshi humwamsha mtu kwa kikohozi. Hewa hii haimwamshi. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa njema, na mtu husikia kichwa kumwuma, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Mtoto mdogo huvuta pumzi upesi kuliko mtu mzima, kwa hiyo humpata mapema. Karibu kila mwaka twasikia habari za nyumba katika nchi hii iliyokutwa imenyamaza asubuhi, na wengi wenu mmekwenda mazishi ya namna hiyo.

Wengine hutuambia ya kuwa makaa yakiisha kuwa mekundu bila moshi hayana madhara. Si kweli, makaa mekundu nayo hutoa hewa hiyo, na hata yaliyofunikwa majivu. Wengine husema jiko lao ni lile lenye udongo ndani, lililoenea tangu miaka ya 1980. Jiko lile ni zuri kwa kupunguza makaa, lakini halizuii sumu. Basi watoto na waote moto jikoni, mlango ukiwa wazi, pamoja na wazee na hadithi zao. Kisha jiko litolewe nje kabla ya kulala, si kuwekwa pembeni. Blanketi mbili na watoto wawili katika kitanda kimoja ni joto la kutosha. Na mtu akimkuta mwenziwe amelegea katika chumba chenye jiko, afungue milango, amtoe nje upesi, na kumpeleka hospitali hata kama amezinduka.

Wazee wetu, kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita tukiwa katika mkutano huu. Baadhi yenu mlioketi viti vya mbele mlikuwa watoto wadogo wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja waliondolewa katika maboma yao, wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa kwa handaki na miti iliyochongwa. Nyumba za zamani zilichomwa. Kutoka kijijini kulikuwa kwa saa zilizowekwa, na mama waliitwa kuchimba handaki saa ambazo wangekuwa shambani. Njaa ilikuwa nyingi, na watoto wengi hawakuokoka. Tulipowauliza wazee kadha juu ya michezo na kazi za majira katika utoto wao, mzee mmoja alituambia hakumbuki njahi wala mwere ya miaka ile. Anakumbuka filimbi tu. Majira yalikuwako, mvua ilinyesha, lakini nyumba haikuwa na saa yake yenyewe.

Twayakumbusha haya kwa sababu mara nyingi vijana husema, "Wazee watufundishe ya zamani," kama kwamba kila mzee alipewa ya zamani yakiwa kamili. Sivyo. Akina mama waliotoka katika vijiji vile waliyarudisha kidogo kidogo, katika mashamba mapya yaliyopimwa, mbegu moja kwa kuazimana, hadithi moja kwa kuulizana. Kwa hiyo mkimsikia nyanya akisimulia hadithi isiyo na mwisho, msimcheke. Huenda aliyemsimulia hakupewa nafasi ya kuimaliza.

Majira ya mwere huanza Oktoba. Mawele yenyewe hatuyapandi tena, jina tu limebaki, nasi twapanda mahindi na maharagwe kama kwanza. Huko chini, upande wa Mathira na Tetu, ni wakati wa kuchuma kahawa, na watoto wa umri huu huweza kuchuma matawi ya chini, wakijifunza kuiacha ile ya kijani. Siku za kunyunyiza dawa wasikaribie shamba hata kidogo. Kisha zaja Novemba na Desemba, likizo ndefu, na wale wanaofanya kazi Nairobi hurudi.

Kwa wanachama walio Nairobi twasema kwa upole. Ni kilomita kama 150 tu, na mwafika na mkate, sukari na nguo mpya, na watoto hufurahi. Lakini tumeona baba akifika jioni ya mkesha wa Krismasi na kuondoka siku ya tatu, na muda wote yuko njiani kuwaamkia watu. Twamwomba afanye kazi moja na mtoto wake, moja tu: watengeneze banda la kuku, au wapande mti wakati mvua ingalipo, mtoto akishika mche na baba akifukia. Mti huo upewe jina la mtoto. Mwaka utakaofuata, kabla ya kumwonyesha baba nguo yake, mtoto atamvuta mkono kwenda kuuona. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wengi mlirudi nyumbani kwa miezi kadha, na baadhi yenu mlituambia mlishangaa kuona jinsi watoto wenu walivyo na maneno mengi. Maneno hayo walikuwa nayo tangu kwanza.

Tumesikia na vipingamizi. Wa kwanza ni kwamba sisi twataka watoto watumikishwe, na sheria yakataza. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yakataza kazi ya kumwumiza mtoto au kumnyima shule, nasi twaiunga mkono. Twasemayo sisi ni kazi ambayo mtoto akiichoka huiacha, na hakuna atakayelala njaa kwa kuwa ameiacha. Wa pili ulisemwa na akina mama, nao ni mzito zaidi: ya kuwa katika nyumba zetu "kazi ndogo za nyumbani" maana yake ni kazi za msichana. Yeye hubeba mtoto mgongoni, yeye huchota maji, na kaka yake hucheza mpira. Hili ni kweli, na tumeliona kwa macho. Katika nyumba moja mvulana wa miaka sita alitwambia kuchambua maharagwe ni kazi ya kike, na baba yake akatabasamu. Twamwambia baba huyo, kama yupo, achukue ungo aketi chini achambue yeye, mtoto akimtazama. Wavulana hawahitaji hotuba.

Mwenyekiti, tulipoanza tulisema hatukuomba fedha, nasi twashika neno letu. Twaomba mambo mawili. La kwanza, wazee walio tayari kukaa na watoto jioni za Jumamosi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti waandikishe majina yao kwa katibu leo, kabla ya kutoka, pamoja na nyumba ambayo jiko lake laweza kuwapokea watoto wa jirani. La pili, wanachama waliovuna maharagwe mazuri walete kikombe kimoja kimoja cha mbegu kwa katibu kabla ya mwisho wa Februari. Mbegu hizo zitagawiwa Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa nne asubuhi, mahali hapa hapa. Hazitapewa mzazi aliyekuja peke yake. Mtoto na aje mwenyewe, na mfuko wake mdogo, azipokee kwa mkono wake.